Tiketi Mbili, Safu ya Nne

Tulipanga mwezi wa pili. Magombe akapata surua.
Tukapanga tena; nikapewa zamu ya usiku wodini.
Tiketi za kwanza zilifia mfukoni,
zikafuliwa pamoja na suruali ya Wamono,
zikakauka kambani kama ndimi mbili
zilizosahau zilichotaka kusema.

Leo tumetoka.
Nambozo wa nyumba ya pili kakalia kiti chetu,
kapewa dawa ya kikohozi na maelekezo
marefu kuliko wosia.
Khainza kasimama mlangoni, mikono kiunoni,
kana kwamba yeye ndiye aliyetuzaa:
"Mnarudi saa ngapi?"

Wanale ilikuwa bado na uzi wa mwanga mgongoni
tulipoketi kwa Mama Mutonyi, nyuma ya soko la Mbale,
malewa ya karanga yakifuka bakulini.
Nikaanza kumkatia Wamono nyama, vipande vidogo vidogo.
Akaniacha. Alicheka tu
nilipoupuliza mchuzi wake.
"Umepoa," akasema. "Na meno ninayo."

Hatukujua tuzungumze nini.
Miaka saba tumesemezana kwa nusu sentensi,
nusu ya pili ikimezwa na kilio chumbani.
Sasa sentensi nzima ilikuwa mezani, imenyooka,
na hakuna aliyejua aishike upande gani.
Tukazungumzia karo. Kisha bomba linalovuja.
Kisha, sijui ilikujaje, akaniuliza
kama bado naogopa radi.

Mhudumu alikuwa kijana mwembamba
aliyeitazama saa kuliko alivyotutazama sisi.
Akasahau chumvi. Akasahau chenji.
Akavua aproni huku anatembea, akapotea mlangoni.

Ukumbi ni ule ule wa harusi na mikutano ya maji,
viti vya mbao vinavyong'ata,
pazia la mashuka yaliyoungwaungwa;
moja nalijua, ni la hospitali yetu.
Taa zikazimika. Tukaguna, tukidhani ni umeme.
Kumbe ni mchezo.
Akaingia mfalme: chui wa kuchorwa begani,
sauti ya ngurumo, askari wanne kifudifudi,
nami nikalishika goti la Wamono:
"Chenji yetu!"

Mfalme huyo alipiga marufuku usingizi.
Aliogopa ndoto za raia wake.
Akina mama jukwaani wakawafinya watoto wa vitambaa
wasisinzie, wakaimba nyimbo za kuamsha,
na ukumbi ukacheka kwa Kigisu, kwa Kiswahili, kwa kikohozi.
Nilicheka nikifuta macho.
Simu ikatetemeka pajani.
Moyo ulikwisha kusimama, ukavaa viatu,
kabla sijasoma alichoandika Nambozo:
*Wamelala wote. Msirudi mbio.*

Nikaisoma mara mbili.
Kitu kikafunguka begani, kama fundo la leso,
na pale pale, safu ya nne,
mbele ya kiti cha enzi na mikuki ya mianzi,
nikaivunja amri ya mfalme.

Asubuhi, uji ukichemka,
Khainza akautaka mchezo wote.
Nikamsimulia mpaka pale nilipoishia.
"Halafu?"
Wamono akatua kikombe.
Akasema mfalme mwenyewe alisinzia,
taji likamdondoka, likaviringika kwa watu,
likagota miguuni pa mama mmoja.
"Mama akafanyaje?"
"Alikuwa amelala."
Khainza akanitazama kama mwalimu akagua hesabu.
"Sasa nani alilirudisha?"
Baba mtu akachovya mkate, akautafuna polepole,
akitazama dirishani.

Wanasema mchezo unarudiwa Ijumaa.
Ijumaa nina zamu.
Tiketi nimeziweka juu ya kabati,
mbali na suruali.